Grini za Augusta National

Grini za Augusta National ni sehemu za nyasi fupi zenye mashimo katika uwanja wa gofu wa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Uwanja huo, uliosanifiwa na Alister MacKenzie na Bobby Jones, ni nyumbani kwa mashindano ya Masters tangu 1934. Miinamo ya grini hizo ni migumu kuisoma: kwa jumla ardhi huteremka kuelekea kijito cha Rae's Creek, hivyo panapoonekana tambarare mpira huweza kupinda. Kuanzia Masters ya 1981 nyasi za benti zilichukua nafasi ya nyasi za bermuda, na mpira ukaongeza kasi. Shimo la 14 halina kizuizi cha mchanga hata kimoja; ulinzi wake mkuu ni mabonde na matuta ya grini yenyewe.