Samaki Hunadiwa, Chai Hunadiwa, Karafuu Je?

Mtoto wa Chokocho hafundishwi mnada skuli. Huujulia dikoni. Chombo kikifika, samaki hushushwa, mnadi huanza kutaja bei, wachuuzi hupandishana, na wa mwisho kutaja ndiye anayeondoka na fungu. Mvuvi mwenyewe amesimama pale pale, mikono bado ina magamba. Hata kama siku hiyo bei ni ndogo, ameiona ikizaliwa. Amejua nani ametaka, nani ameacha, na sababu yake: pengine waliopata ni wengi, pengine wachuuzi waliokuja ni wawili tu.

Mtu huyo huyo msimu wa karafuu ukifika, mambo hubadilika. Anachuma, anachambua, anaanika, anapeleka kituoni, na bei anaikuta imeshapangwa. Inaweza kuwa bei nzuri. Lakini hakuiona ikizaliwa.

Mwaka huu mchango tunaowaomba wana-Chokocho, mlioko nyumbani na mlioko mbali, unahusu karafuu. Kwa hiyo tumeona tuandike kidogo historia ya bei hizi, ili mtu anapotoa ajue anatoa kwa ajili ya nini. Tutaanza na chai. Kwetu chai hailimwi, inanywewa tu, lakini mnada wake mkubwa uko Mombasa, mji ambao jamaa zetu wengi wanaishi, na historia yake ni kioo kizuri cha kuitazamia karafuu.

Kwa muda mrefu bei ya chai ya dunia ilikuwa ikipigiwa nyundo London. Minada ya huko ilianza mwaka 1679, chini ya Kampuni ya India Mashariki, na ule wa mwisho ulifanyika tarehe 29 Juni 1998. Chai iliyopandwa Limuru kuanzia mwaka 1903, na baadaye Kericho na kwengineko, ilikuwa ikisafiri hadi Uingereza ndipo ijue thamani yake. Mkulima alikuwa upande mmoja wa dunia, bei upande wa pili.

Novemba 1956 mnada wa chai ukaanzishwa Nairobi. Mwaka uliofuata, 1957, kikaundwa Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa herufi EATTA. Mwaka 1969 mnada ukahamishiwa Mombasa, na hilo lilikuwa na maana yake, kwani chai huuzwa vizuri zaidi pale inapopakiwa melini kuliko mahali ambapo bado ina safari ya reli mbele yake. Leo Mombasa ni mnada mkubwa kabisa duniani wa chai nyeusi ya kusafirishwa nje. Chai za Kenya zinauzwa hapo, pamoja na za Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyengine za jirani.

Jambo la kutazama hapa ni namna chama kile kilivyoundwa. Ndani yake mna wenye viwanda vya chai, madalali, wanunuzi, wenye maghala na wapakiaji. Yaani watu wenye masilahi yanayogongana wamewekwa chini ya dari moja, na kanuni wamejiwekea wenyewe. Wakigombana, kuna mahali pa kusuluhishwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kiwanda hupeleka magunia ya chai katika ghala la Mombasa. Dalali huchukua sampuli, akaipika kwa kipimo kile kile kila mara, akaivuta mdomoni kwa kishindo, akaitema, akaandika. (Mzee wa kwetu angesema huo ni utovu wa adabu mezani, lakini ndiyo kazi, na mwonjaji mmoja anaweza kuonja mamia ya vikombe kwa siku.) Kisha hutengenezwa orodha: kila fungu na nambari yake, kiwanda lilikotoka, daraja lake, uzito wake. Sampuli hupelekwa kwa wanunuzi kabla ya mnada, nao wakaonje wenyewe. Siku ya mnada kila mtu anajua anashindania nini. Bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kilo. Aliyeshinda hulipa katika muda uliowekwa, na mpaka alipe mzigo hautoki ghalani. Baada ya mnada bei zilizofikiwa huandikwa na kutangazwa, na mtu wa Bukavu au Mufindi anaweza kujua chai ya jirani yake imeuzwa kwa kiasi gani.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kukaa chumba kimoja, mnada huo ulihamia kwenye kompyuta. Kelele zimepungua, daftari limebaki.

Tusije tukamdanganya mtu akadhani wakulima wa chai wako peponi. Hawako. Julai 2021 Kenya iliweka bei ya chini kwa chai ya wakulima wadogo, dola 2.43 kwa kilo, ili kuwanusuru. Wanunuzi wakaziacha chai nyingi, shehena zikajaa maghalani, na baadaye bei hiyo ikaondolewa. Mnada hauwezi kumlazimisha mtu anunue asichotaka. Na mkulima mwenye majani machache mlimani bado yuko mbali na chumba cha mnada. Anapata chake baada ya kiwanda, dalali na ghala kupata chao. Tanzania nayo mwishoni mwa 2023 ilianzisha mnada wake wa chai Dar es Salaam, kwa hoja ile ile iliyouondoa mnada London: kwa nini chai yetu ikajue bei yake kwa watu? Tunaitakia kheri.

Sasa karafuu. Mti huu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na anayetajwa sana katika kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri. Seyyid Said akaupandisha kwa amri. Mashamba hayo yalifanywa kwa jasho la watumwa, na hilo halifai kupitwa kimya. Utumwa haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Pemba ilipata ukubwa wake kwa msiba wa wengine. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tokea hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa ni za Pemba, na wenye kuzichuma ni sisi.

Lakini kuwa na karafuu na kuwa na sauti juu ya karafuu ni vitu viwili. Mwenye shamba alikopa kabla ya msimu ili alipe wachumaji, akaweka rehani mavuno, wakati mwengine mikarafuu yenyewe. Karafuu ikiwa bado kijani mtini ilikwisha kuwa na mwenyewe. Frasila zilizofika bandarini zilikuwa nyingi, pesa zilizorudi shamba chache.

Mwaka 1927 kikaundwa chama, Clove Growers' Association, kwa kifupi CGA, maana yake chama cha wakulima wa karafuu. Kilitakiwa kiwasaidie wenye mashamba katika mikopo na gharama za uchumaji. Mwaka 1934, katika miaka ile ya bei kuanguka dunia nzima, serikali ya Mwingereza ikakiunda upya kwa sheria na kukipa nguvu. Mwaka 1937 ikaongeza sheria nyengine: ununuzi wa karafuu za kusafirishwa nje ukawekwa mikononi mwa CGA.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, ambao biashara hiyo ilikuwa mikononi mwao, walikataa. India wakati huo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu, na chama cha Congress kikaunga mkono mgomo: karafuu ya Zanzibar isinunuliwe. Mgomo ukashika. Mwaka 1938 pande mbili zikaafikiana. Wafanyabiashara wakarudi, kwa sharti kwamba kila anayesafirisha anunue sehemu ya mzigo wake kutoka CGA.

Husemwa kwamba ule ulikuwa ugomvi wa Mwingereza na Mhindi. Sisi tunaona ni zaidi ya hapo. Chama kilikuwa na jina la wakulima, lakini kiliundwa kwa amri, kikaongozwa na maofisa, na mkulima hakuwa na kiti mezani. Upande wa pili wa ugomvi walikaa wanunuzi na wakopeshaji, na huko pia mkulima hakuwa na kiti. Linganisheni na kile chama cha chai kilichokuja miaka ishirini baadaye. Wenye chai wamo ndani, wanunuzi wamo ndani, na anayeonja huandika.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi yaligawiwa wananchi, eka tatu tatu, na biashara ya karafuu ikawa ya serikali. Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC, likaanzishwa 1968. Miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, kwa sababu Indonesia walikuwa wakinunua kwa ajili ya sigara zao za kreteki, ambazo ndani yake hutiwa karafuu. Fedha hizo zilijenga mengi Zanzibar. Sehemu iliyomfikia mchumaji ilikuwa ndogo, na pale bei ya kituoni ilipoachana mno na bei ya ng'ambo, magendo yakazaliwa. Adhabu zilikuwa kali, na bado majahazi yalivuka usiku kwenda Kenya. Karafuu ilikuwa ikienda kuitafuta bei yake, kama maji yanavyotafuta bonde.

Kisha Indonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi, mpaka wakajitosheleza. Miaka ya 1980 bei ikaanguka. Wapo wazee wetu walioacha karafuu zikakaukia mtini kwa kuwa gharama ya kuchuma ilishinda thamani yake. Na wakulima wa Indonesia nao walionja uchungu wa mnunuzi mmoja: tokea mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara yao ilipewa shirika la mtoto wa Rais Suharto, wakaumia, mpaka likavunjwa 1998.

Mabadiliko makubwa kwetu yalikuja 2011. Serikali iliamua mkulima alipwe kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na bei ya kilo moja ya daraja la kwanza ikafikia shilingi 15,000, kisha miaka iliyofuata ikakaa kwenye 14,000. Magendo yakapungua sana. Watu wakarudi kupalilia, miche ikapandwa, na nyumba nyingi za bati za kwetu zina tarehe ya miaka hiyo. Mwenye kusema mnunuzi mmoja hana faida yoyote anasahau pia kwamba chai inayokataliwa Mombasa hurudi ghalani, wakati mkulima wa karafuu huwa na mahali pa kuipeleka.

Kwa hiyo hatusemi karafuu ipelekwe mnadani kesho. Hilo ni la sheria, na lina wakubwa wake. Tunalolisema ni dogo na liko mikononi mwetu. Nguvu ya mnada wa chai inatoka kwenye ile sampuli na lile daftari: mwenye mali anajua mali yake ina sifa gani kabla hajamkabili mnunuzi. Sisi Chokocho hatujui. Karafuu huanikwa uani, kando ya barabara, popote penye jua, na mvua ikija ghafla kila mtu hukimbia na jamvi lake. Karafuu mbichi ikilundikwa usiku mmoja hupata joto ikapauka. Iliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio ukiipinda. Isiyokauka hupinda tu. Kati ya hizo mbili ndiko daraja linakopatikana au kupotea, na kilo moja kavu imetoka katika kilo kama tatu mbichi, kwa hiyo ukipoteza daraja umepoteza kazi ya siku nyingi za watu waliopanda juu ya matawi membamba.

Mchango wa mwaka huu ni wa uwanja wa pamoja wa kuanikia: chanja za kuinua majamvi kutoka ardhini, maturubai ya kufunikia mvua, ghala dogo lenye sakafu kavu, na mizani iliyopimwa na kuhakikiwa na serikali. Juu ya mizani hiyo kutakuwa na daftari. Kila anayeleta karafuu ataandikiwa jina, tarehe, uzito na daraja tunaloliona sisi, kabla hajaenda kituoni, na akirudi ataandika alilopewa. Baada ya misimu miwili mitatu tutakuwa na maandishi ya kwetu wenyewe, tuweze kukaa na wanunuzi na kuzungumza tukiwa na kitu mkononi.

Eneo lipo, limetolewa na wenyewe karibu na njia ya kuteremkia dikoni, ambako wa Kisiwa Panza nao wanaweza kushusha magunia yao bila kuyabeba mbali. Mafundi wa kwetu wamekubali kujitolea siku za mapumziko. Kilichobaki ni mbao, bati, saruji, maturubai na mizani, na mchanganuo wake uko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Tunataka paa liwe limekwisha kuezekwa kabla ya msimu wa vuli.