Utawala wa mabavu Gusii

Kipindi cha ukoloni wa mwanzo ambapo eneo la Abagusii, leo kaunti za Kisii na Nyamira, lilitiishwa kwa bunduki kabla ya kutungiwa sheria. Msafara wa kwanza wa adhabu ulifika mwaka 1905. Januari 1908 Otenyo, ambaye simulizi husema alihimizwa na nabii Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffry Northcote. Northcote alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong. Abagusii walilipa kwa nyumba kuchomwa, ng'ombe kutekwa na watu kuuawa kwa wingi. Hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alihoji kuuawa kwa watu wasio na kinga.

Madhara makubwa zaidi yalikuja baada ya askari kuondoka. Jamii iliyoongozwa na wazee wa koo, bila mfalme, iliwekewa machifu walioteuliwa na serikali na kuwajibika kwake tu. Sheria ya 1912 iliwaongezea mamlaka, ikiwemo ya kuwalazimisha raia kufanya kazi. Wapinzani waliondolewa tu: viongozi wa dini ya Mumbo walihamishiwa Lamu mwaka 1921.

Mbinu hizo ndizo zilizorithiwa na Kenya huru. Marais Kenyatta na Moi waliwafunga wapinzani bila kesi, na Sheria ya Machifu iliendelea kuwabana wananchi vijijini hadi iliporekebishwa mwaka 1997.