Kihisi cha Barafu: Waya Unaojibu Ndiyo au Hapana

Kipimajoto hakiwezi kumwambia fundi barafu ina unene gani. Maji na barafu vikikaa pamoja katika tangi, joto husimama karibu na nyuzi 0, barafu iwe nyembamba kama karatasi au nene kama ngumi. Kwa mwenye chumba baridi katika komini ya Kasuku, mjini Kindu, jimboni Maniema, Kongo, hilo si jambo dogo. Mji uko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kando ya mto Lualaba, na umeme wake hauaminiki. Barafu iliyotengenezwa mchana ndiyo akiba ya usiku: kilo 1 ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334, joto ambalo lingepandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80.

Ndipo nyaya zinapoingia. Barafu hushika bomba la ubaridi ndani ya tangi kama ukoko unavyoshika sufuria, ikianzia kwenye bomba na kuelekea nje. Fundi hufunga vijiti au nyaya za chuma kisichoshika kutu: mmoja karibu na bomba, mwingine mbali zaidi, na wa tatu ndani ya maji kukamilisha saketi. Maji ya kawaida hupitisha umeme kwa sababu ya chumvichumvi zilizomo. Yakiganda, huzisukuma nje, na barafu inayobaki hupitisha umeme kidogo mno. Barafu ikiufunika waya wa nje, kompresa huzimwa. Ikiyeyuka hadi waya wa ndani ukaguswa tena na maji, kompresa huwaka.

Je, kifaa hicho kiitwe nini? Mafundi wa Maniema waliosomea kazi kwa Kifaransa wana neno lao, sonde. Wengine husema sensa, lakini neno hilo limeshachukuliwa na kuhesabu watu. Kihisi, kutoka hisi, linafaa zaidi. Kipimabarafu linavutia kwa ufupi wake, ila linaahidi kisichopo: waya haupimi milimita, unajibu tu kama umefikiwa au haujafikiwa. Anayetaka kipimo halisi atapanga nyaya kadhaa kwa umbali tofauti, na hapo hata neno kipimo litakuwa na haki yake.

Kuzifunga nyaya hizo kunahitaji subira. Umbali kutoka bombani ndio uamuzi wenyewe: ukizidi, barafu za mabomba jirani huungana na kuziba njia ya maji, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, tangi linaweza kupasuka. Umeme wa kupimia uwe wa mkondo geu, kwani mkondo mnyoofu hula chuma. Tena kuna mtego wa maji ya mvua: yana chumvichumvi chache, hivyo kidhibiti kinaweza kuyadhania barafu na kompresa isiwake kabisa. Mafundi huongeza magadi ya kupikia kidogo, jambo ambalo mnunuzi wa mashine haelezwi mara zote.

Majokofu ya chanjo yanayotumia jua yamejengwa juu ya wazo hilohilo la kuweka akiba katika barafu badala ya betri. Mradi wa SolarChill, ulioanza mwaka 2001 ukishirikisha UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Greenpeace, ulifuata njia hiyo, ingawa humo kazi ya kudhibiti hufanywa na kidhibiti joto. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ile ya pepopunda huharibika ikiganda, kwa hiyo barafu iliyovuka mpaka ni hasara sawa na joto.

Kuna pia barafu isiyotakiwa, ile nyeupe inayoota kwenye mapezi ya kipoozeo kila mlango unapofunguliwa na hewa nyevu ya Lualaba kuingia. Kamusi zinaiita jalidi au sakitu. Imejaa hewa, hivyo huzuia joto kupita zaidi kuliko barafu ngumu, na kwa kuwa haimo ndani ya maji, nyaya zile za tangini haziitambui. Huko hutumika saa ya kuyeyushia, au kihisi joto kilichofungwa kwenye mapezi yenyewe.