Kutoka Rambo Hadi Mfuko Mbadala

Huku chuo msuli umekaza, lakini kama kawa historia haingoji. Leo nashusha ya rambo, ile mifuko ya plastiki ambayo wengine tuliiita malboro.

Kwetu Lufingo, Rungwe, wazee walibeba mazao kwenye vikapu vya mianzi na kufungia chakula kwa majani ya migomba. Rambo ilipofika ikafunika vyote hivyo, maana mwenye duka anakupa bure. Mjini ikawa balaa: mitaro ya Dar inaziba, mvua ikipiga mtaa unageuka bwawa.

Mwaka 2006 Zanzibar ikaipiga marufuku. Bara mwaka huohuo tukazuia ile myembamba tu, chini ya maikroni 30. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye kiwanda: si unaongeza unene, mchezo umeisha? Mwenye wazo la mfuko wa karatasi angemuuzia nani wakati rambo nene bado ni ya bure?

Majirani wakatutangulia. Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Kwetu, Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mwisho ni Juni 1. Safari hii sheria ilikuwa na meno: ukikutwa na mfuko, faini hadi shilingi 200,000, mtengenezaji, hadi bilioni moja.

Hapo ndipo ubunifu ukaamka. Mifuko ya karatasi na ile mbadala ya kitambaa-kitambaa ikajaa sokoni. Cha ajabu, malighafi ilikuwepo siku zote: misitu ya misonobari iko Nyanda za Juu Kusini, na kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kinatengeneza karatasi ngumu ya kahawia. Kilichokosekana ni mnunuzi, na mnunuzi kaletwa na sheria.

Ila tusishangilie sana. Ule mfuko mbadala unaoonekana kama kitambaa ni polipropilini, yaani plastiki iliyobadili gauni! Kanuni ilidai uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, haikudai usiwe plastiki. Wafanyabiashara wakafuata kile kilichoandikwa. Tena wengine wakahamia kwenye vifungashio vyepesi vya kuangaza, wakavigeuza mifuko, mpaka NEMC ikabidi iingie tena kazini mwaka 2021.

Kwa mtazamo wangu, biashara huwa ya kijani kwa kiwango kilekile ambacho sheria inadai, haizidi hata inchi. Sheria nusu ya 2006 ilizaa plastiki nene. Ya 2019 ilizaa karatasi, na plastiki yenye sura mpya. Kikapu cha mianzi cha Rungwe, kinachodumu miaka na kuoza chenyewe, hakuna aliyekiandikia kifungu.

Watu wa uchumi na sheria, mnasemaje? Nani atamfungulia soko yule bibi anayesuka? Tukutane kantini tubishane.