Utafiti wa utalii Pwani waipita Mwembe Tayari

Isaac Sindiga na John Akama, wasomi waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Moi, ni miongoni mwa waliotahadharisha mapema kwamba utalii wa Kenya umeegemea mno fuo, wanyamapori na wageni wa Ulaya. Kitabu cha Sindiga kuhusu utalii na maendeleo ya Afrika kilichapishwa mwaka wa 1999, wakati Pwani ingali inauguza jeraha la ghasia za Likoni za 1997. Watalii walikuwa wamekatiza safari, hoteli zikafungwa na wafanyakazi wakarejea makwao mikono mitupu.

Mgeni ambaye angepunguza makali hayo hushukia Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa. Kwa miaka mingi mabasi yameteremsha hapa abiria kutoka bara, baadhi yao wakija kupunga upepo na kulala kwa jamaa. Takwimu za vitanda vya hoteli na za viwanja vya ndege hazimwoni, ilhali hula, hununua na kulipa nauli. Papo hapo, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, husimama sanamu za askari Waafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wengi huzipita wakiikimbilia Fort Jesus.

Sheria ya Utalii ya 2011 iliweka msingi wa taasisi ya kitaifa ya utafiti, hivyo ushauri wa wasomi una mlango wa kubisha. Hata hivyo, mtafiti anayemtaka msafiri huyu hana budi kumhoji kwa Kiswahili, tena stendini, kabla hajapanda tuktuk.