Kutoka Oldeani hadi Tambarare: Ufyekaji wa Uoto, Maji na Mipaka ya Utawala katika Nyanda za Karatu na Ngorongoro tangu Miaka ya 1920

1.0 Utangulizi

Msafiri anayepanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea lango la Ngorongoro hupita katika sehemu tatu ambazo sheria imezitenganisha ilhali maji yameziunganisha. Chini, katika Wilaya ya Monduli, yapo majaruba ya mpunga na migomba inayonyweshwa kwa mifereji. Juu ya ukingo wa Bonde la Ufa yapo mashamba ya ngano, mahindi, maharage na mbaazi ya Wilaya ya Karatu. Juu zaidi upo Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, ambao uko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mvua inayonyesha katika msitu huo haitambui mipaka hiyo. Sehemu yake huibuka kama chemchemi chini ya ukingo, na sehemu nyingine hushuka kwa mito na makorongo hadi kwenye maziwa ya Manyara na Eyasi.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu madhara ya ufyekaji wa misitu katika eneo hili humtaja kwanza mkulima wa mteremkoni: kwamba amekata miti, amelima bila makinga maji, na sasa mkulima wa tambarare anavuna tope. Makala haya hayakanushi kwamba miti imekatwa wala kwamba tope limeshuka. Yanahoji mpangilio wa lawama. Hoja kuu ni kwamba ufyekaji wa nyanda za Karatu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, sera ya serikali iliyotekelezwa kwa jembe na panga la mwananchi. Na kwamba madhara yake kwa watu wa tambarare yalizidi makali kwa sababu mteremko na tambarare vilitawaliwa kana kwamba ni nchi mbili zisizohusiana.

2.0 Mteremko na Bonde Lisilo na Mlango

Historia hii haiwezi kueleweka bila kuelewa umbile la nchi. Milima ya Oldeani na Loolmalasin inapita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Manyara lipo katika takribani mita 960 na Ziwa Eyasi katika takribani mita 1,030. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na miteremko ya mashariki na kusini, ndiyo maana msitu umestawi upande huo, na upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, ni nchi kavu. Jina Oldeani lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mianzi, ishara ya uoto uliotegemea unyevu huo.

Udongo wa volkano hunyonya maji vizuri pale unapofunikwa. Majani hupunguza nguvu ya matone, mboji huyashika maji, na mizizi huyafungulia njia ya kuingia ardhini. Kifuniko hicho kikiondolewa, maji hukimbia juu ya ardhi. Matokeo yake kwa tambarare ni mawili yanayoonekana kupingana: mafuriko wakati wa masika na upungufu wakati wa kiangazi. Ni kweli kwamba miti yenyewe hunywa maji, na hivyo hesabu ya kiasi cha maji kinachopotea au kuokolewa si nyepesi. Kuhusu udongo, hata hivyo, ubishi ni mdogo: ardhi iliyo wazi kwenye mteremko husombwa.

Jambo la pili ni kwamba mabonde ya Manyara na Eyasi hayana mlango. Hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Katika mabonde ya Rufiji au Pangani, sehemu ya udongo hatimaye huifikia bahari. Hapa, kinachoshuka hubaki: shambani, mferejini, au katika kitako cha ziwa lenye kina kifupi.

3.0 Engaruka: Tope Lililokuwa Mali

Kabla ya kuitazama Karatu, ni muhimu kukumbuka kwamba uhusiano wa mteremko na tambarare ni wa kale katika eneo hili. Chini ya nyanda za Ngorongoro, upande wa kaskazini-mashariki, yapo magofu ya Engaruka: vijiji, mifereji na mashamba yaliyozungushiwa mawe katika eneo la takribani hekta 2,000, yaliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18. Magofu haya yalifikiwa na Hans Reck mwaka 1913 na Louis Leakey mwaka 1935, kisha yakachunguzwa kwa kina na John Sutton na wengine.

Utafiti wa Daryl Stump (2006) na wenzake waliomfuata umeonyesha jambo lenye uzito kwa mjadala huu. Sehemu ya mashamba ya Engaruka ilijengwa kwa makusudi kwa kutega tope. Wakulima walipanga mawe kukatiza njia ya maji, wakaacha mashapo kutoka juu yatulie, na kila tabaka lilipojaa wakainua ukuta. Udongo uliopotea mlimani uligeuka kuwa shamba bondeni. Hivyo, tope kwa asili yake si balaa. Huwa balaa pale linaposhuka kwa kiasi na kasi isiyoweza kutegwa, au pale jamii ya chini inapokosa nguvu kazi na mamlaka ya kulielekeza.

Engaruka iliachwa. Kupungua kwa maji ya mito ni moja ya sababu zinazotolewa, pamoja na mabadiliko ya kisiasa yaliyofuatia kuenea kwa wafugaji. Sababu yoyote itakayokubaliwa, funzo linabaki: hata kilimo chenye ustadi mkubwa wa tambarare hakikuwa na kinga dhidi ya mabadiliko yaliyoanzia kwenye vyanzo vya maji.

4.0 Nani Aliyefyeka Karatu?

Wairaqw walihamia Karatu kutoka kusini, katika kitovu chao cha Irqwar Da'aw, eneo la Kainam. Huko walikuwa wamekuza kilimo cha hali ya juu kwenye miteremko mikali: samadi, matuta, mifereji ya kuondoa maji na mgawanyo makini wa malisho. Lowe Börjeson (2004) ameonyesha kwamba kilimo hicho kilijengwa kidogo kidogo, kwa kazi ya vizazi vingi. Aidha, katika itikadi ya Wairaqw, chemchemi na vijito vilikuwa makazi ya Neetlaang'w, nguvu za majini ambazo hazikupaswa kuudhiwa, na mahali pake palistahili heshima. Wakati huohuo, kama Robert Thornton (1980) na mwanahistoria Yusufu Lawi wanavyoeleza, pori lisilokaliwa lilitazamwa kama nchi ya hatari iliyopaswa kugeuzwa makazi. Fikra hizi mbili, kuheshimu maji na kulihofia pori, ziliishi pamoja. Swali la kihistoria ni ipi kati ya hizo iliyopewa nguvu na utawala.

Jibu linaanza kuonekana katika miaka ya 1920. Chini ya utawala wa Waingereza, ardhi bora ya miteremko ya Oldeani ilitolewa kwa walowezi, wengi wao Wajerumani waliorejea Tanganyika, nao wakafyeka msitu na kupanda kahawa. Vita vya 1939 vilipoanza, wengi wao waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui, lakini msitu haukurudi. Shamba lilibadilisha mwenyewe tu.

Kwa wenyeji, serikali ilikuwa na mpango mwingine. Mbulu ilionekana kujaa watu na mifugo, na Karatu ilionekana kuwa tupu kwa sababu ya mbung'o. Vichaka vilifyekwa kwa kazi za pamoja zilizosimamiwa na watawala, ili mbung'o aondoke na watu wahamie. Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, ulioendeshwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uliunganisha upunguzaji wa mifugo kusini na ufunguaji wa ardhi mpya. Kwa hiyo tatizo la mmomonyoko wa Mbulu lilitatuliwa kwa kuhamishia watu mahali palipofyekwa upya. Ulikuwa ni utatuzi wa kuhamisha tatizo.

Baada ya vita ilifuata ngano. Mahitaji ya soko na matrekta yaliwezesha kulima eneo kubwa kwa muda mfupi, na wakulima wa Kiiraqw waliingia katika kilimo hicho kwa bidii. Lakini ngano hudai ardhi iliyotifuliwa laini, ikabaki wazi kabla mimea haijafunika udongo. Mbinu za Kainam zilizotegemea mashamba madogo na mikono mingi hazikuweza kulifuata trekta. Hapa hatuoni watu waliosahau maarifa yao. Tunaona maarifa yaliyoondolewa katika mazingira ya kazi yaliyoyapa maana.

Operesheni Vijiji ya 1974–1976 iliongeza tabaka jingine. Lawi (2007), akichunguza Iraqw ya mashariki, ameonyesha jinsi uhamishaji huo ulivyovuruga uhusiano wa watu na maeneo waliyoyafahamu. Kaya zilizotawanyika kulingana na maji, malisho na miinuko zilikusanywa katika mistari ya vijiji. Mahitaji ya kuni, miti ya kujengea na njia za mifugo yakarundikana mahali pamoja. Njia ya ng'ombe inayokanyagwa kila siku kwenye mteremko ndiyo mwanzo wa korongo.

5.0 Mapokezi ya Tambarare

Huko Mang'ola, katika bonde la Eyasi, maji ya nyanda za juu huibuka katika chemchemi ya Qangded na nyingine, na Mto Barai hushusha maji ya mvua. Hii ni nchi ya Wahadzabe na Wadatoga, ambayo katika miongo ya karibuni imegeuka kuwa moja ya vituo vikuu vya kilimo cha vitunguu nchini. Wakulima wamekuja kutoka pande nyingi za Tanzania, na kila msimu maji hugawanywa kwa zamu. Mto unaposhuka na mchanga, mfereji hujaa, na kabla ya kumwagilia ni lazima kuzibua. Gharama ya kuzibua haimwangukii kila mtu kwa usawa. Mwenye pampu huchota pale maji yalipo. Mwenye shamba mkiani mwa mfereji husubiri. Na Mhadzabe anayeyahitaji maji na wanyama wa bondeni hana zamu katika daftari lolote. Hivyo kila upungufu unaotoka juu huwa, chini, ugomvi wa kijamii.

Mto wa Mbu, mji ambao William Arens (1979) aliueleza kwa wingi wa makabila yake, ulikua kwa kutegemea chemchemi za ukingo na mito kama Simba na Kirurumu. Huko mashapo huinua vitako vya mito na mifereji, na mto uliojaa mchanga huacha njia yake hata kwa mvua ambayo zamani ungeihimili. Mvua kubwa za 1961–1962 na za El Niño za 1997–1998 zinakumbusha, hata hivyo, kwamba hali ya hewa pekee yaweza kuijaza tambarare. Mtafiti asiyetenganisha mvua isiyo ya kawaida na ardhi isiyo na kifuniko atakosea kuhusu zote mbili.

Tahadhari ya pili ni muhimu vilevile. Tafiti za mashapo ya Ziwa Manyara zilizofanywa na Maarten Wynants na wenzake zinathibitisha kuongezeka kwa mmomonyoko, lakini zimebainisha kuwa Mto Makuyuni, unaotoka mashariki katika nchi ya malisho, ni mchangiaji mkubwa wa mashapo hayo. Karatu si mshtakiwa pekee. Kuigeuza kuwa mshtakiwa pekee ni kurudia kosa la utawala wa kikoloni la kumtafuta mkosaji mmoja.

6.0 Mipaka na Mzigo wa Hifadhi

Msitu wa juu umebaki kwa sababu ulizungushiwa mpaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la matumizi mseto, wafugaji wakiruhusiwa kuishi humo. Kilimo ndani yake kilipigwa marufuku mwaka 1975 na kuruhusiwa tena mwaka 1992, kabla ya kuzuiwa upya. Ukingo wa msitu upande wa Karatu ni dhahiri: mita chache hutenganisha miti mirefu na shamba la mahindi. Mpaka huo umeyalinda maji. Lakini mkulima wa Karatu ndiye anayelala shambani kuwafukuza tembo na nyati, na familia ya Kimaasai ndiyo inayokosa shamba la kujikimu. Mkulima wa Mang'ola na wa Mto wa Mbu, wanaonufaika na msitu huo kila siku, hawajawahi kuwekwa meza moja na hao wawili kama washirika wa maji yaleyale. Hifadhi ilitetewa zaidi kwa jina la wanyamapori na utalii kuliko kwa jina la mfereji wa tambarare.

Sheria za karibuni zimeanza kuelekea kwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasimamia maji kwa mabonde. Manyara na Eyasi yamo katika Bonde la Kati. Hatua hizi ni za maana. Hata hivyo, mita 60 huulinda ukingo wa mto, ilhali tope linaloijaza Mto wa Mbu huanza kilomita nyingi juu, katika shamba halali la mkulima halali. Hakuna kosa la jinai la kumshitaki. Kuna historia ya kuirekebisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyanda za Karatu zilifyekwa na walowezi waliopewa ardhi, na wananchi walioamriwa kufukuza mbung'o, na soko lililodai ngano, na operesheni iliyokusanya kaya. Mkulima wa leo alirithi mteremko uliokwisha kufunguliwa. Engaruka, kwa upande wake, imeonyesha kwamba jamii ya tambarare yaweza kuishi na tope iwapo ina uwezo wa kulitega.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, gharama ya makinga maji, upandaji miti na kupumzisha ardhi Karatu isiachiwe kaya ya mteremkoni peke yake, kwa kuwa faida yake huvunwa pia Mang'ola na Mto wa Mbu, na chanzo chake ni sera ya umma. Pili, utafiti wa historia ya mazingira ya kaskazini mwa Tanzania uache kuzitafiti hifadhi, mashamba na mabonde kama mada tofauti. Kumbukumbu za wazee wa mifereji ya Mang'ola na za wazee wa Karatu walioshiriki kufyeka vichaka zinahusu maji yaleyale, na bado hazijasomwa pamoja. Wenye kumbukumbu hizo wanazidi kupungua.