Unataka Samaki Kipepeo Kwa Keja? Soma Hii Kabla Umwage Doh

Kama uliona Finding Nemo ya 2003, unamkumbuka Tad, kale kasamaki ka njano ka mdomo mrefu kalikokuwa darasa moja na Nemo. Huyo ni kipepeo. Familia yake ina aina zaidi ya 120, na kadhaa wanaogelea hapa kwetu, kuanzia Shimoni mpaka Lamu. Ukimwona dukani anang'aa hivyo, mkono unaenda kwa mfuko wenyewe.

Ngori ni kwamba wasee wengi huchagua kwa macho. Samaki anafika keja, anazunguka fiti siku tatu, lakini chakula hagusi. Baada ya wiki chache amededi. Hakuwa mgonjwa, alikufa njaa na friji yako imejaa dishi. Kwa hivyo swali la kwanza si "anakaa aje?" Uliza "anakula nini?"

Kwanza, tangi lako ni dogo kiasi gani?

Kama ni chini ya lita 300, wachana na kipepeo kabisa. Chukua samaki wa Nemo mwenyewe, atakaa poa. Kipepeo ni wa kuogelea kutwa, na maji kidogo huchafuka haraka kuliko anavyoweza kuvumilia.

Na usisahau hesabu ya uzito. Lita 300 ni kilo 300, bado hujaweka mawe na glasi. Kama unaishi ghorofani, tafuta ukuta imara na uongee na landlord mapema.

Wale unaweza kujaribu

*1. Kipepeo wa Klein (Chaetodon kleinii).* Huyu ndiye chaguo la kwanza kwa tangi la lita 300 hivi. Ana rangi ya njano na kahawia, si wa kujishaua sana, na hukua hadi sentimita 15 tu. Anamanga vitu vingi na huzoea chakula cha friji haraka. Anaweza kudonoa matumbawe laini, kwa hivyo kama umeyapanda kwa bei, jua hiyo ni rada.

*2. Auriga (Chaetodon auriga).* Mweupe mwenye mistari ya mshazari, nyuma njano, na kauzi kananing'inia kwa pezi la mgongoni. Ni mgumu na mlaji mzuri, lakini hufika sentimita 23. Bila lita 500 hivi utakuwa unamfunga jela.

*3. Lunula (Chaetodon lunula).* Ana barakoa nyeusi machoni na hufika sentimita 20, so naye anataka tangi kubwa. Tofauti na wenzake wengi, huyu huwa macho sana usiku. Wengi humnunua kwa sababu anakula aiptasia, zile anemoni ndogo ambazo zikiingia tangini huenea kama magugu. Shida ni kwamba akimaliza hizo anaweza kugeukia anemoni uliyoinunua.

Wale wa kuachana nao, hata kama ni bure

Chaetodon trifasciatus, Chaetodon meyeri na Chaetodon trifascialis. Warembo ajabu, na wote wako Bahari ya Hindi. Lakini hawa wanaishi kwa kula matumbawe hai. Wengi wao hawatambui kamba wako wa friji kama chakula. Muuzaji akikuambia "atazoea tu," muulize mbona hajazoea akiwa hapo dukani.

Ukiwa dukani, usilipe kabla ya haya

- Omba alishwe ukiwa hapo. Asipokula mbele yako, ondoka.
- Angalia tumbo na nyuma ya kichwa. Pakiwa pamebonyea, ameshakaa njaa sana.
- Macho yawe safi, asiwe anahema mbio, na asiwe na vidoa vyeupe kama chumvi.
- Chukua wa sentimita 7 hadi 10. Wadogo sana hukonda haraka, wakubwa hukataa mazingira mapya.
- Mmoja anatosha. Wawili wasiojuana wanaweza kupigana.

Na usijifanye mjanja ukishuka Pwani na kuvua wako mwenyewe. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite hutoi kitu, na kuvua samaki wa mapambo wa biashara kunahitaji leseni.

Akishafika keja

Tangi liwe limekomaa angalau miezi sita. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, amonia na nitriti ziwe sufuri. Kila lita ya maji inahitaji takriban gramu 35 za chumvi ya baharini ya dukani. Ile ya ugali, hapana. Tangi la lita 300 linameza zaidi ya kilo 10 mwanzoni, na ukibadilisha lita 60 za maji, ni kilo 2 nyingine. Hiyo ni doh ya kila mara, ipange mapema.

Mgeni akae peke yake kwa tangi la pembeni wiki nne ndio usilete ugonjwa. Mlishe kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Akisusa, jaribu chaza au kome mbichi aliyefunguliwa akiwa bado kwa ganda lake. Kipepeo ameumbwa kudonoa, na mara nyingi hiyo humfungua mdomo.

Mwisho, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki. Stima ikipotea usiku na pampu isimame, oksijeni hupungua polepole, na asubuhi utaamkia matanga.

Kwa ufupi: tangi lita 300, anza na Klein, na umwone akila kabla M-Pesa haijatoka.